Ndege mwari wa mwaka 1587 kwenye foronya yangu

Nimemaliza kumdarizi mwari wangu juzi usiku, uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe cha Aida, kile kilichofumwa kwa viboksi vidogo vya kuhesabu. Mchoro wake umepita miaka mia nne. Umo katika kitabu cha sampuli za kudarizi cha Federico de Vinciolo, mtu wa Venice aliyekitoa Paris mwaka 1587 na kumtunukia malkia wa Ufaransa. Nilikipakua bure mtandaoni.

Kilichonishika ni maelezo mafupi ya yule ndege: matundu 70 kwa upana, 65 kwa kimo. Basi! Vinciolo alikusudia wavu wa nyuzi, tundu moja moja lijazwe kwa sindano, lakini viboksi ni viboksi. Aida yangu ina viboksi 14 kwa inchi, nikagawanya, nikapata inchi 5 kamili kwa upana. Mshono wa msalaba, yaani alama ya X katika kila kiboksi, umekubali bila kulazimisha.

Kama ndiyo kwanza unajifunza, jua kwamba kitabu hiki hakikufundishi kushona. Ni michoro mitupu. Rangi pia hakuna, unachagua mwenyewe, na mimi hilo limenifurahisha sana. Sehemu ya kwanza ni ya lesi ya kukata kitambaa na kubakiza nyuzi. Hiyo bado sijaigusa.

Usumbufu nilioupata ulianzia steshenari. Walinikuzia ukurasa, wakauvuta upande mmoja, viboksi vikawa virefu na mistari ikafifia. Nikaruka kiboksi kimoja mdomoni mwa ndege bila kujua, nikafumua jioni mbili. Dai uwiano usibadilishwe, kisha piga mstari wa penseli kila baada ya viboksi kumi kabla hujatunga uzi.

Vitabu vya namna hii vilianza kuchapwa Augsburg, Ujerumani, miaka ya 1520. Michoro isiyo ya kuhesabu viboksi, wanawake waliitoboa kwa sindano papo hapo ukurasani, wakapitisha unga wa makaa kwenye matundu ili alama zihamie kwenye kitambaa. Kurasa zikachakaa, zikachanika, ndiyo maana vilivyosalia ni vichache. Niliposoma hivyo nilikitazama kitabu kwa jicho jingine. Hao hawakuweka kitabu kabatini, walikitumia mpaka kikaisha.

Mke wa kaka yangu ameshaniomba foronya ya pili. Nimemwambia achague rangi, viboksi nitahesabu mimi.