“Labda wasomaji wako hawana la kusema”: uzoefu wangu na kampuni inayohifadhi tovuti yangu

Sentensi iliyo kwenye kichwa cha maandishi haya sikuitunga mimi. Niliandikiwa na mhudumu wa kampuni inayohifadhi tovuti yangu, katika dirisha la gumzo, baada ya kumweleza kwa adabu zote kwamba sehemu ya maoni ya wasomaji imefungwa na kwamba nimeshindwa kuifungua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiisoma damu inanichemka upya, kwa hiyo msomaji anivumilie endapo nitaonekana kutoa hukumu kali kuliko kosa lenyewe. Habari za ukubwa wa nafasi na kasi ya seva zao sitazigusa, kwa kuwa wamezitangaza wenyewe na yeyote anaweza kuzisoma.

Tovuti yangu inahusu utengenezaji wa cherehani zilizoharibika. Anayeijua kazi hii atakubali kwamba makala ninayoiandika mimi ni nusu ya habari, na nusu ya pili huletwa na wasomaji. Mmoja huandika chini ya makala kwamba uzi wake unakatika kila baada ya mishono kumi, mwingine anauliza kwa nini bobini inazunguka lakini uzi wa chini haupandi, na aliyewahi kupatwa na shida hiyo huwajibu kabla mimi mwenyewe sijaamka. Wananiita fundi, jina nisilolistahili sana, na mara kwa mara wananisahihisha. Ukiifunga sehemu hiyo, kinachobaki ni mtu mmoja anayejisemea.

Ukimya ulianza polepole, na ninakiri kwamba mwanzoni haukunishtua. Wiki ya kwanza nilidhani watu wametingwa na shughuli zao. Wiki ya pili nilidhani makala yangu mpya haikuwavutia, nikaanza hata kuilaumu lugha yangu. Hatimaye msomaji mmoja wa siku nyingi, ambaye ana anwani yangu ya barua pepe, aliniandikia maneno yaliyoniuma: “Fundi, kama umetuchoka si ungetuambia?” Alikuwa ameambatisha picha ya skrini ya simu yake, na chini ya makala yangu ya mwaka uliopita, mahali ambapo fomu ilipaswa kuwepo, palikuwa na sentensi moja kavu iliyosema kwamba maoni yamefungwa.

Nilifanya yale ambayo mtu yeyote mwenye tovuti ya WordPress, yaani mfumo wa kuendeshea tovuti ninaoutumia, angefanya. Niliingia kwenye mipangilio ya majadiliano nikakuta kisanduku cha kuruhusu maoni kikiwa na tiki yake, jambo lililonifariji kwa dakika chache hadi nilipotambua kwamba kisanduku hicho kinahusu makala mpya pekee, na kwamba kila makala iliyokwisha kuchapishwa hubeba hali yake yenyewe ya kuwa wazi au kufungwa. Nilifungua makala moja moja na kukagua, na zote zilikuwa wazi. Nilizima programu-jalizi zote, yaani zile programu ndogo za kuuongezea mfumo uwezo, nikaziwasha moja baada ya nyingine huku nikipakia ukurasa upya kila mara. Niliondoa mandhari ninayoitumia, ile inayoipa tovuti sura yake, nikaweka ile inayokuja na mfumo wenyewe, ili nijue kama kasoro iko kwenye kiolezo. Nilifuta akiba ya kurasa, kwa sababu inajulikana kwamba seva huweza kuendelea kuwapa wageni nakala ya zamani ya ukurasa wakati msimamizi aliyeingia kwenye akaunti yake anaonyeshwa ile mpya. Hakuna kilichobadilika.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba makala yangu ya karibuni kabisa ilikuwa na fomu kamili, yenye nafasi ya jina, ya barua pepe na kitufe cha kutuma. Niliandika jibu la majaribio kutoka kwenye dashibodi, ukurasa wa ndani ninaosimamia tovuti, likaonekana papo hapo. Ndipo nilipofungua dirisha la faragha la kivinjari, nikajifanya mgeni, nikaandika maneno mawili ya salamu na kubonyeza kitufe. Ulitokea ukurasa mweupe wenye namba 403 na sentensi fupi ya kunikatalia ruhusa. Nilikimbilia foleni ya maoni yanayosubiri idhini, kisha kabati la maoni taka, yale ya matangazo ya kusumbua, na kote kulikuwa kutupu kabisa. Hapo hata mimi, nisiye mtaalamu wa seva, nilielewa kwamba maoni hayakuwa yakikataliwa na mfumo wangu, bali yalikuwa yakizuiwa kabla hayajaufikia. Kukatalia mlangoni ni kazi ya mwenye mlango, na mlango huo ni wa kampuni.

Ndipo nilipoingia kwenye gumzo lao.

Kwanza nilisalimiwa kwa “Mteja wetu mpendwa,” salamu ambayo sasa siwezi kuisoma bila kukunja uso. Nilieleza yote niliyoyaeleza hapo juu, kwa mpangilio, nikaambatisha picha ya ukurasa wa 403. Mhudumu alinishauri nifute vidakuzi vya kivinjari changu, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha humo. Nilimjibu kwamba tatizo si la kivinjari changu, kwa kuwa wasomaji walio mbali nami wanapata jibu lile lile. Alinyamaza kwa muda mrefu, vile vidoto vitatu vya kuonyesha kwamba mtu anaandika vikatokea na kutoweka, vikatokea tena na kutoweka, kisha akanishauri nifute vidakuzi. Nilimwuliza kama ameifungua picha niliyomtumia. Hakujibu swali hilo. Aliandika, na hapa ninanakili neno kwa neno: “Tumejaribu kwa upande wetu na fomu ya maoni inaonekana vizuri. Labda wasomaji wako hawana la kusema. Je, kuna jambo lingine tunaloweza kukusaidia?” Kabla sijamaliza kuandika jibu langu, dirisha lilifungwa na pakatokea nyota tano tupu za kunitaka nimkadirie.

Ninajua kwamba wahudumu hao hufanya kazi chini ya shinikizo, pengine wakiwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na kwamba maneno mengi wanayoyaandika wamepewa tayari. Lakini hiyo haikuwa sentensi ya kupewa, kwa maana hakuna anayekaa ofisini akatunga jibu la namna hiyo kwa ajili ya wateja wote. Aliitunga yeye, kwa ajili yangu. Na kinachoudhi kupita matusi yenyewe ni kwamba fomu inayoonekana si fomu inayofanya kazi, sawa na cherehani inayozunguka gurudumu vizuri bila kushona chochote. Fundi anayeirudisha kwa mwenyewe akisema “mbona inazunguka” hatapata mteja wa pili. WordPress ipo tangu mwaka 2003, na kuwapokea wasomaji wanaotoa maoni ni kazi yake ya tangu utotoni. Mtu anayelipwa kuhudumia tovuti za aina hiyo hawezi kusingizia kwamba amekutana na jambo geni.

Siku hiyo niliandika tathmini ya nyota moja, na ningeliwezeshwa kuweka nusu nyota ningeweka nusu. Kwa hasira nilizokuwa nazo, kila kitu chao kilinichukiza, tangu rangi ya kitufe chao cha gumzo mpaka ule mlio mdogo wa kengele unaosikika ujumbe unapoingia, ambao kwa miaka yote nilikuwa sijautilia maanani.

Baada ya siku chache nilijaribu tena, safari hii kwa tiketi, yaani ombi la msaada la maandishi, na ninalazimika kusema ukweli hata kama unaniharibia hasira yangu. Tiketi ilipokelewa na mhudumu mwingine, dada mmoja ambaye hakuniita mpendwa. Aliuliza maswali mawili tu: ni saa ngapi hasa nilipofanya jaribio langu la mwisho, na kama jaribio lilifanywa nikiwa nimeingia kwenye akaunti au la. Nilimjibu, na haikupita saa moja akarudi na maelezo. Wakati fulani huko nyuma kampuni iliongeza kanuni mpya katika ukuta wake wa ulinzi ili kupunguza maoni taka kwenye seva zake zote, na kanuni hiyo ilikuwa ikizuia kila ombi la mgeni linaloelekea kwenye faili la wp-comments-post.php, ambalo ndilo hupokea maoni ya wasomaji. Majibu yangu mwenyewe yalipita kwa sababu yaliyoandikwa kwenye dashibodi hutumia njia nyingine. Alikwisha kuilegeza kanuni kwa tovuti yangu, akaniomba nijaribu. Nilijaribu kama mgeni, na salamu zangu za maneno mawili zikaingia kwenye foleni. Sioni haya kusema kwamba nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Nilikuwa tayari kumpa dada huyo nyota tano, na kampuni nyota nne kwa ajili yake, nilipoendelea kusoma aya ya mwisho ya ujumbe wake. Aliandika kwamba kanuni ile haihusiani na makala za zamani zinazoonyesha kuwa maoni yamefungwa, na kwamba, kama nisingeona vibaya, nikitazame kisanduku kilicho chini kidogo ya kile nilichokuwa nikikikagua. Nilikitazama. Kilikuwa na tiki, nacho kinaamuru maoni yafungwe yenyewe katika makala zilizopitisha siku 14.

Tiki hiyo niliiweka mimi. Nilipokisoma kisanduku hicho nilikumbuka usiku mmoja, miezi kadhaa nyuma, ambapo matangazo ya dawa za kila aina yalimiminika chini ya makala zangu kwa mamia, nami nikapita kwenye mipangilio kwa haraka nikiweka tiki popote niliposoma neno kufunga. Kisha nikalala na kusahau. Ndiyo maana kila makala niliyoifungua ilijionyesha kuwa iko wazi ilhali wasomaji waliikuta imefungwa, kwa kuwa amri hiyo haibadilishi hali iliyoandikwa katika makala. Hufanya hesabu ya umri wake kila inapofunguliwa na kuikalia juu. Niliondoa tiki, na makala zote za miaka yote zikafunguka kwa pamoja. Kwa hiyo tatizo langu lilikuwa matatizo mawili yaliyopandana, moja lao na moja langu, na yule aliyenitumia picha alikuwa ameliona langu.

Nilikaa na aibu hiyo kwa muda wa kutosha kuipandisha tathmini yangu hadi nyota tatu, na huenda ningeishia hapo kama si barua iliyoniingilia jioni ile ile. Ilitumwa na mfumo wao kutangaza kwamba tiketi imefungwa, na katika mstari wa kueleza chanzo cha tatizo paliandikwa: “Mipangilio ya mteja.” Hayo tu. Hapakuwa na neno lolote kuhusu ukuta wao, wala kuhusu kanuni waliyoiweka bila kumwarifu mtu, wala kuhusu idadi ya tovuti nyingine ambazo huenda hadi leo wenyewe wanadhani wasomaji wao wametingwa na shughuli. Niliijibu barua hiyo kwa urefu, nikidai chanzo kirekebishwe na yule wa kwanza aniombe radhi. Nilijibiwa na mashine kwamba tiketi iliyofungwa haipokei majibu.

Kwa hiyo kwa sasa nimeandika nyota mbili, na sitaki kudai kwamba nimeridhika na hesabu yangu. Nyota moja ni ya dada wa maswali mawili, ambaye kama angekuwa na kampuni yake ningehamia huko kesho. Ya pili ninaiweka na kuiondoa kulingana na ninavyoamka. Nimekwisha kupakua nakala kamili ya tovuti pamoja na hifadhidata yake, na ukurasa wa kusitisha huduma nimeuacha wazi kwenye kompyuta, lakini kitufe chake sijakibonyeza, kwa sababu kuhamisha tovuti yenye makala nyingi ni kazi ya kuumiza kichwa na sina uhakika kwamba nitakakokwenda hakuna mtu wa “labda”.

Maoni ya kwanza ya msomaji yaliingia siku iliyofuata, katika ile makala yangu ya karibuni, inayohusu kubadilisha sindano. Aliyeandika simfahamu. Nilikuwa nimeelekeza kwamba upande bapa wa sindano ukae mbele, ilhali katika cherehani nyingi za nyumbani hukaa nyuma, na ukiuweka mbele mishono huruka au haishiki kabisa. Kosa hilo lilikaa mbele ya macho ya watu kwa muda wote ambao mimi niliambiwa kwamba hawana la kusema. “Hii ni mara ya nne ninaandika,” alisema. “Fundi, geuza sindano.”