Kitanda cha mwarobaini kutoka kwa fundi wa Kisauni, uzoefu wangu

Jamani nianze na kile cha kwanza. 2022 nilinunua kitanda cha MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, duka moja la fanicha hapa mjini, kikaja ndani ya boksi, kinang'aa, nikafungiwa siku hiyo hiyo. Sasa si mnajua unyevu wa Mombasa, na nyumba yangu mvua za mwezi wa tano maji hupita chini ya mlango, haukuisha mwaka mguu mmoja ukafura kama mkate ulochovywa chai, skrubu zinazunguka tu hazishiki. Narudi dukani naambiwa spea hakuna.

Mwaka huu nikaenda kwa fundi Kisauni, banda la mabati kando ya barabara. Nilitaka mvule, akacheka, "dada, mvule bei yake utalia, chukua mwarobaini, mti wetu wa hapa hapa na mchwa hauwezi, uchungu." Futi 5 kwa 6 na droo mbili chini, 24,000, nusu nikamtumia M-Pesa pale pale.

Kazi yenyewe wallahi ni kazi. Pembe zote ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake, gundi, halafu kigingi cha mbao kimepigwa juu, msumari huuoni. Kabla ya vanishi alinikalisha ubavuni nikadundadunda, hata mlio hakuna. (Vumbi la mwarobaini lakini, nilipiga chafya mpaka jioni.)

Shida ni siku. Aliniambia wiki mbili zikawa tano, kila nikipiga simu ni kesho, kesho. Kumbe mashine ya randa hana, anapeleka mbao kwa mwenye nayo anapanga foleni, stima ikipotea wote wanakaa. Na mbao zilikuwa bado mbichi, akakataa kuziunga, ati zikikaukia kitandani zitapinda halafu nimtukane yeye. Sawa, lakini si angesema siku ya kwanza? Mimi nalala na godoro sakafuni! Hapo ndio maduka yanawapiga hawa mafundi wetu, pale unalipa unaondoka na mzigo.

Finishi pia, upande wa ukutani vanishi imechuruzika, na droo moja ikaanza kukwama. Nikampigia bila matumaini, akaja na baiskeli na randa ya mkono, akaikwangua dakika kumi hivi, pesa akakataa, akaomba maji baridi tu.

Kabati nampa yeye tena, ila diposti natoa nikishaziona mbao zimekauka.