Kupumua kwa pua ama kwa mdomo ukikimbia, ipi afadhali?

Hii ya pua ama mdomo watu wabishana kila jioni pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, haya tuangalie ndani kulivyo. Kuchuja vumbi pua yashinda kabisa, sababu utando wake ni seli ndefu zimebanana, juu zina vinyweleo vidogo sana, katikati kuna seli za kutoa ute, basi vumbi lanasa kwenye ute na vile vinyweleo vyausukuma nyuma mpaka kooni waumeza bila hata kujua. Mdomo hauna hiyo, seli zake ni bapa, tabaka juu ya tabaka, kazi yake kuvumilia msuguano wa chakula. Kuitia hewa unyevu pia ni pua. Lakini wingi wa hewa, mdomo wapita mbali, ukiwa mbio kali pua pekee haitoshi, na wallahi mtu asikulaumu ukifungua mdomo, maana bomba la hewa nalo lina vinyweleo vile vile, hujabaki bila ulinzi, ila mzigo wote waenda huko chini. Sasa kama wapita Changamwe na malori yale, funga mdomo. Mafua yameziba ama wamalizia spidi ufukweni, fungua tu. Na mvuta sigara, pua ama mdomo, moshi wadhoofisha vinyweleo hivyo.