Gemu za Hadithi: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Isubiri

Gemu ya mpira ukiinunua unajua unachopata, na mwakani utanunua nyingine. Gemu ya hadithi haiko hivyo. Utaicheza wiki kadhaa, na kama imeandikwa vizuri, watu wake watakukaa kichwani muda mrefu baada ya kuimaliza. Ndiyo maana katika kupanga hizi sikutazama uzuri wa picha. Nimeuliza maswali mawili: watu wake wanazungumza kama watu? Na ninachoamua mimi mchezaji kinabadilisha kitu? Baada ya hapo nimetazama mfuko na mashine ya mnunuzi wa kawaida.

Ya kwanza ni The Witcher 3: Wild Hunt, iliyotoka Mei 2015, kazi ya CD Projekt Red ya Poland. Geralt anaishi kwa kuwinda mazimwi kwa malipo, na humo anamtafuta Ciri, binti aliyemlea. Utamu wake hasa uko vijijini, kwenye kazi za pembeni. Gemu nyingi hujaza ramani kwa kazi za kutumwa tu: kalete majani haya, kaue mbwa mwitu wale. Hapa unaitwa kuondoa mzimu kisimani, kumbe ni mwanamke aliyeuawa, na huwezi kumtuliza kabla hujajua yaliyompata. Halafu kuna yule baroni mlevi aliyekimbiwa na mke na binti. Amempiga mkewe miaka mingi, na bado anawalilia wamrudie. Gemu haikuamrishi umchukie wala umsamehe, inakuachia mwenyewe. Karibu na hapo utakuta roho iliyofungwa chini ya mti, nayo inaomba uifungue. Ukiifungua au ukiiua, matokeo utayaona baadaye sana, wakati hukumbuki tena kama uliamua chochote, na yanawagusa watoto na yule mke wa baroni. Mimi sijaona gemu nyingine inayoupa uamuzi uzito wa namna hiyo.

Nunua toleo kamili, lenye nyongeza zote mbili, Hearts of Stone na Blood and Wine. Bei yake hushuka sana nyakati za punguzo, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa bei kamili. Wenye kompyuta waitazame GOG, duka la gemu la mtandaoni: huko gemu huuzwa bila kufuli ya kuzuia kunakili, unaipakua mara moja, unaweka faili zake kwenye diski ya nje, na siku ukibadilisha kompyuta huchomi bando upya.

Ya pili ni Disco Elysium ya mwaka 2019, na kwa uandishi peke yake hakuna inayoifikia. Wewe ni mpelelezi unayeamka hotelini umelewa hadi umesahau jina lako, na nyuma ya jengo kuna maiti inayoning'inia mtini. Hakuna mfumo wa mapigano kabisa. Unatembea, unahoji watu, unarusha dadu. Ujuzi wako 24 unazungumza nawe kichwani, kila mmoja kwa tabia yake, na mwingine unakudanganya kwa sababu umeukuza kupita kiasi. Mwenzako wa kazi, Luteni Kim Kitsuragi, ni mmoja wa watu walioandikwa vizuri kuliko wote katika gemu: mtulivu, mwenye heshima, na utajikuta unaona haya kufanya upuuzi mbele yake. Lakini maandishi ya gemu hii yanapita maneno milioni moja, na Kiingereza chake ni kigumu. Asiyependa kusoma aiache bila kinyongo. Anayependa kusoma achukue The Final Cut, toleo la 2021 lenye sauti za waigizaji karibu kila mahali.

Ya tatu naiweka kwa moyo wote: Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Mwongozaji wake, Abubakar Salim, ni Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili babaye arudi. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio uchague, kwa sababu ni jambo jingine kabisa kuusikia msiba huu ukisemwa kwa lugha uliyofiwa nayo wewe. Ni gemu ya kuruka na kupigana, na hadithi haigeuki kwa maamuzi yako. Katika swali langu la pili inaanguka. Katika lile la kwanza inasimama na wakubwa wote. Ni fupi, na ilianza kuuzwa kwa dola 20 hivi, chini sana ya gemu za makampuni makubwa.

Baldur's Gate 3, ya mwaka 2023, ingeshika namba moja kama kila mtu angekuwa na mashine ya kuibeba. Karibu kila tatizo lina njia nne au tano za kulitatua, na mnaweza kucheza wanne pamoja. Lakini kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150 na diski ya kasi ya SSD, na PlayStation 4 (PS4) haiichezi. Kwa anayelipia intaneti kwa bando, gharama ya kuipakua tu inatisha. Hii isubiri mpaka mashine ipatikane.

Red Dead Redemption 2 ina hadithi nzito ya Arthur Morgan na genge linalovunjika, Marekani ya 1899. Mwendo wake ni wa polepole. Ukinunua ya PS4 iliyotumika, hakikisha diski zote mbili zimo kwenye boksi: moja ni ya kusakinishia, nyingine ya kuchezea. 

Mwenye kompyuta dhaifu aanze na Undertale ya 2015. Haifiki hata GB 1, na unaweza kuimaliza bila kuua mtu yeyote. Kwenye simu, chukua Star Wars: Knights of the Old Republic. Ni ya 2003, picha zimezeeka, hadithi bado kali, na unalipa mara moja tu.

Wanaonunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wajue kwamba wanaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hawajacheza saa mbili. Tumia saa hizo kujua kama mashine yako inaibeba. Kubinafsisha sura ya mhusika kuache kwa siku nyingine, maana muda huo nao unahesabiwa.