Nati ya AN365 kwenye ndege ya mashindano: nyota nne, na ile ya tano imekatwa kwa sababu

Ni ile nati ya chuma yenye pete ya nailoni kichwani, ambayo kila fundi wa ndege ndogo anaifahamu. Kwenye orodha za vipuri huandikwa AN365 au MS20365. Bolti ikiingia, meno yake hujichimbia njia ndani ya nailoni, nayo nailoni huyakumbatia. Msuguano huo ndio unaoizuia nati kujifungua ndege ikitetemeka.

Kwa uzito na wepesi wa kufunga, ni vigumu kupata bora zaidi. Haihitaji bolti yenye tundu wala waya wa kufungia. Ikiwa mpya na yenye afya, ya 10-32 (namba hizi ni unene wa bolti na idadi ya meno kwa inchi) hukataa kuzunguka mpaka upite inchi-pauni 2 za toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na ya 1/4-28 mpaka 3.5, hata kabla haijagusa washa. Pima hivyo kila unapofunga: chukua spana ndogo ya toki, zungusha polepole nati ikiwa bado hewani, usome. Kiasi hicho kijumlishwe kwenye toki ya kubana. Ikipanda kwa vidole mpaka mwisho, itupe. Ikishabana, ncha ya bolti itokeze angalau jino moja zima juu ya nailoni, lakini yasizidi matatu. Yakizidi, huenda nati imegota mwisho wa meno na kipande chenyewe hakijabanwa kitu.

Ina mipaka. Nailoni haipaswi kupita nyuzi 121 za Selsiasi, kwa hiyo karibu na ekzosi weka AN363 ya chuma tupu, inayofika 288. Usiivishe bolti iliyotobolewa kwa ajili ya spliti pini, maana kingo za tundu huikwangua nailoni. Na kiungo kinachoweza kuizungusha bolti kinataka nati ya mataji, yaani yenye mikato kichwani ya kupitishia pini, na spliti pini, basi.

Nyota iliyokatwa ni ya jambo jingine: nati hii haionyeshi uzee. Nje inang'aa, ndani pete imeshakauka na kulegea. Kwenye ndege ya kawaida fundi anaweza kulibaini hilo mapema. Kwenye ndege ya mashindano, mabadiliko ya umbo la ndege hayampi muda huo.

Watu hukata ncha za mabawa, hufinya kioo cha rubani, huondoa rejeta ya tumboni, wakitafuta spidi. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa spidi: ukitoka maili 400 kwa saa hadi 500, spidi imeongezeka kwa robo tu, lakini mzigo wa hewa umezidi kwa asilimia 56. Lakini nati ya kibapa cha trimu, kile kipande kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa elevata (bawa la mkiani linaloinua na kushusha pua ya ndege), ni ile ile.

Mfano mchungu ni Galloping Ghost, ndege ya P-51D (ya kivita ya zamani iliyogeuzwa ya mbio) iliyoanguka kwenye mashindano ya Reno, Marekani, tarehe 16 Septemba 2011 na kuua watu 11, rubani Jimmy Leeward akiwemo. Kibapa cha kulia cha elevata kilikuwa kimefungwa kisisogee, hivyo cha kushoto kikabeba kazi peke yake. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walikuta pete za nati zimechakaa, skrubu zikalegea, na mojawapo ikaanza kupasuka kwa uchovu wa chuma kabla ya siku ile. Kibapa kikakosa ugumu, kikaingia kwenye mtetemo unaojilisha wenyewe, ambao mafundi huuita flata, na kiungo chake kikakatika. Ndege ilijirusha juu kwa zaidi ya g 17, yaani mara 17 ya uzito wa kawaida, na hakuna rubani anayebaki na fahamu hapo. Ripoti ikataja pia mabadiliko makubwa ambayo hayakuandikwa wala kujaribiwa angani ipasavyo.

Kwa hiyo kagua hivi. Ikaze elevata isisogee, weka geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachosoma msogeo mdogo) kwenye ukingo wa nyuma wa kibapa, kisukume juu na chini kwa kidole. Kigezo cha usanifu kwa kibapa kifupi ni asilimia 2 ya umbali kutoka bawaba hadi ukingo: kibapa cha milimita 100 kisicheze zaidi ya milimita 2 kwa jumla. Kwa mbio, hata nusu ya hiyo ni nyingi mno. Na ukipaka rangi au kujaza puti nyuma ya bawaba, pima usawa wa uzito upya. Tabaka moja nene la rangi limewahi kuiharibu kazi nzuri.

Kwa matumizi ya kawaida, nati inaweza kurudishwa mradi bado inagoma. Kwenye mkia wa ndege ya mbio, nunua kwa pakiti na usirudishe hata moja. Nati ikikutwa imelegea, skrubu yake nayo itoke, hata kama inaonekana nzima: ufa huanzia kwenye shina la jino la kwanza linaloshikwa na nati, pale ambapo jicho halifiki mpaka uifungue.