Bima ya afya kwa kaya za Tabora: ipi ikatwe kwanza, na kila moja inaishia wapi

Kwa kaya nyingi za Urambo, Kaliua na Sikonge, wakati mzuri wa kukata bima ni pale malipo ya tumbaku yanapoingia, kabla fedha hazijatawanyika kwenye ada za shule, pembejeo na madeni. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Yapo maswali mawili yanayostahili kutangulia: kadi hii itanifikisha hospitali ya ngazi gani, na dawa ikikosekana dirishani, nani ataigharamia? Mpangilio ufuatao unafuata majibu ya maswali hayo.

Nafasi ya kwanza ni ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa njia ya ajira. Mfuko huu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, na mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, ambayo mwajiri na mwajiriwa huigawana. Humhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Nguvu yake iko kwenye rufaa: mgonjwa anayeshindikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, anaweza kupelekwa Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza, au Muhimbili, kadi ikiwa bado inafanya kazi. Dawa isipokuwepo hospitalini, anaweza kuandikiwa fomu ya kuichukulia kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Hata hivyo, mtoto wa ndugu unayemlea nyumbani haingii kwenye kadi kwa sababu tu unamlea, jambo ambalo familia nyingi huligundua mtoto akiwa tayari anaumwa. Pia hakikisha hospitali binafsi unayoitegemea bado ina mkataba, kwa maana kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko hulipia, kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha huduma kwa wanachama.

Asiye na ajira, na ambaye nyumbani kwake hakuna mwenye ugonjwa wa kudumu, naona aanze na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF iliyoboreshwa. Watu wa Tabora wana historia na mfuko huu, kwani majaribio yake ya kwanza yalifanyika Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kiwango kilichowekwa mikoani kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya, na kwa barua ya rufaa hufika hospitali ya wilaya hadi ya mkoa. Ukiruka ngazi bila rufaa, jiandae kulipa mwenyewe.

Udhaifu wake huonekana kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa ameonwa na daktari, amepimwa malaria, ameandikiwa dawa tatu. Mtoa dawa anampa mbili, ile ya tatu anaizungushia duara na kumwambia akainunue nje. Kwenye duka hilo la nje kadi ya CHF kwa kawaida haina kazi, na dawa inayokosekana mara nyingi ndiyo yenye bei. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, ulizeni majirani wanaotibiwa kwenye zahanati yenu kama dawa hupatikana, kwa kuwa bima ya bei nafuu kwenye zahanati yenye rafu tupu humwacha mgonjwa akilipa mara mbili.

Kama nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya figo, vifurushi vya hiari vya Mfuko wa Taifa, ambavyo mtu hujilipia mwenyewe bila kupitia mwajiri, vitangulie mbele ya CHF, ingawa ni ghali zaidi. Kateni mapema, kwa sababu huwa kuna muda wa kusubiri kabla ya baadhi ya huduma kufunguka, na anayekata bima akiwa amelazwa amechelewa. Kampuni binafsi naziweka mwisho kwa mkazi wa huku. Someni kikomo cha fedha kwa mwaka, masharti ya uzazi na ya magonjwa yaliyokuwepo kabla, kisha ombeni orodha ya hospitali zilizomo mkoani Tabora. Ikiwa nyingi ziko Dar es Salaam, mnanunua kitu msichoweza kukifikia. Kampuni yenyewe iwe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Karibu bima zote hazilipi nauli ya kwenda Mwanza, chakula na malazi ya anayemuuguza mgonjwa, wala upasuaji wa urembo. Fedha ya nauli iwekwe kando. Kwa upande mwingine, sera ya afya inawasamehe malipo kwenye vituo vya umma wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, na dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure, hivyo msishawishiwe kulipia kifurushi kwa ajili ya hayo pekee.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeleta utaratibu mpya wa bima kwa wakazi wote. Basi thibitisheni kama bima mnayoitaka bado inaandikisha, pamoja na ada na mafao yake, kwenye ofisi ya Mfuko au ya kata, na mdai stakabadhi kabla ya kumkabidhi mwandikishaji fedha.