Snappy Driver Installer Origin na waifai inayopotea baada ya kuweka Windows 7

Snappy Driver Installer Origin ni programu ya bure inayotambua vipuri vya kompyuta na kuvitafutia draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kukitumia kila kipuri, na hapa naipima kwa kazi moja tu: kurejesha waifai katika kompyuta mpakato iliyokuja na Windows 10 kisha ikawekewa Windows 7. Kazi hiyo bado inawafikia mafundi wetu mara kwa mara. Zipo ofisi ndogo zenye programu ya hesabu au mashine ya kupimia isiyokubali mfumo mpya, na zipo kompyuta za mtumba, zile zinazouzwa Nairobi kwa jina la ex-UK, zenye RAM ya GB 2 ambazo huelemewa kabisa na Windows 10. Windows 7 inawekwa, inawaka vizuri, halafu mwenye mashine anakuta alama ya mtandao imepigwa msalaba mwekundu na hakuna waifai hata moja inayoonekana.

Sababu yake ni ya kawaida. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na kadi za waifai zilizotengenezwa miaka mingi baadaye hazina draiva ndani ya diski ya kusakinishia. Ukifungua Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vipuri vyote, utaikuta kadi chini ya Other devices, imeandikwa Network Controller na kuwekewa alama ya njano. Tatizo linajifunga lenyewe, kwa kuwa draiva inapatikana kwenye intaneti na intaneti haipatikani bila draiva.

Snappy inalifungua fundo hilo kwa utaratibu ninaoupenda kwa dhati. Haihitaji kusakinishwa, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, jambo lenye uzito mkubwa katika soko lililojaa programu za draiva zinazomwingizia mtu vitu asivyoviomba. Unaipakua kwenye kompyuta nyingine na kuifungua humo kwanza, nayo inakuuliza kama unataka kupakua mkusanyiko mzima wa draiva, draiva za mtandao peke yake, au faharasa tu, yaani orodha ya draiva zilizopo bila draiva zenyewe. Mkusanyiko mzima ni makumi ya GB, mzigo usiobebeka kwa anayetumia bando la simu. Chaguo la draiva za mtandao linatosha. Folda nzima inawekwa kwenye flashi, inahamishiwa kwenye mashine yenye shida, na programu inasoma namba za utambulisho wa kila kipuri, inazilinganisha na faharasa, kisha inaonyesha draiva inayofaa hata kama hakuna mtandao wowote.

Ushauri wangu, hata hivyo, ni kwamba mtu asiifungue kabla hajajua kadi aliyonayo. Katika Device Manager, bonyeza kulia juu ya kifaa chenye alama ya njano, chagua Properties, nenda sehemu ya Details, kisha Hardware Ids. Herufi zinazofuata VEN ndizo zinazomtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom na 168C ni Atheros. Zinazofuata DEV zinaitaja kadi yenyewe. Hapo ndipo unapojua kama kuna matumaini. Kadi za Intel kama 3165, 7265 na 8260 zina draiva za Windows 7, na Snappy huzimaliza bila shida. Kadi mpya zaidi za Intel, AX200 na AX201, hazikutengenezewa draiva ya mfumo huo, na hakuna programu inayoweza kuleta draiva ambayo mtengenezaji hakuiandika. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakipoteza siku nzima wakijaribu programu baada ya programu, na fundi akilaumiwa, wakati jibu lilikuwa limeandikwa kwenye namba ya kadi.

Mwenye kadi ya aina hiyo anunue adapta ndogo ya USB inayotaja Windows 7 kwenye boksi lake. TP-Link TL-WN725N ni mojawapo. Inashika mawimbi ya GHz 2.4 tu na kiwango chake cha juu ni Mbps 150, kinachotosha kazi za ofisi. Kubadilisha kadi ya ndani kunawezekana pia, ila baadhi ya mashine za zamani za HP na Lenovo zina orodha ya kadi zilizoidhinishwa ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na hukataa kuwaka zikikuta kadi ngeni.

Lipo tatizo jingine linalotangulia hata waifai. Mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 na kuendelea hutumia kidhibiti cha USB ambacho Windows 7 haikijui, kwa hiyo flashi, adapta na hata simu iliyounganishwa kwa kebo havionekani mpaka draiva ya USB 3.0 iingizwe, na njia bora ni kuiingiza ndani ya diski ya kusakinishia tangu mwanzo. USB ikifanya kazi, simu ya Android yenye USB tethering, yaani kugawa intaneti yake kwa kebo, ni msaada mkubwa, kwani kwa kawaida Windows 7 huitambua kama kadi ya mtandao.

Wakati mwingine draiva inaingia lakini Windows inaikataa kwa kosa la Code 52. Hilo linatokana na saini ya kidijitali ya SHA-2, ambayo Windows 7 isiyosasishwa haiitambui. Dawa yake ni kuwa na Service Pack 1, furushi kubwa la masasisho ya Windows 7, kisha kuweka sasisho KB4490628 na baada yake KB4474419. Snappy haikuelezi hayo.

Upungufu mwingine wa programu hii ni dirisha lake lililosongamana. Inapendekeza draiva za kila kipuri, hata kile kinachofanya kazi vizuri, na mtumiaji mpya hushawishika kuweka tiki kila mahali. Weka tiki kwenye kadi ya waifai tu, na usiache kuchagua kisanduku cha kutengeneza restore point, inayokuwezesha kuirudisha mashine ilivyokuwa mambo yakiharibika.

Kadi ikishafanya kazi na bado mtandao wa nyumbani hauonekani ilhali wa jirani unaonekana, tazama ruta. Draiva za zamani za Intel hazizioni ruta za Wi-Fi 6 mpaka zisasishwe au hali ya 802.11ax, jina la kitaalamu la Wi-Fi 6, izimwe kwenye ruta. Ikiwa mtandao unaonekana lakini neno la siri linakataliwa, huenda ruta imewekwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai, ambayo Windows 7 haina. Irudishe kwenye WPA2.

Kwa fundi, naipendekeza Snappy bila kusita, na flashi yenye draiva za mtandao isikosekane kwenye begi lake. Kwa mwenye mashine, ajue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na kwamba Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huo, kwa hiyo waifai iliyorejea itumike kwa programu iliyomlazimu kurudi nyuma, na akaunti za benki zifunguliwe kwenye kifaa kingine.